Mukwe wa Ntoto na Makosa ya Nyumba Yangu

Mukwe alikuwa habishi hodi. Alikuwa anasimama nje ya lupango, uzio wa nyumba yangu, anakohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha kusema nimefika. Cha pili, nimechoka. Cha tatu, mama mwenye nyumba, maji ya kunawa iko wapi? Mimi nilikuwa namwacha afike mpaka cha tatu kwa makusudi, nimekaa zangu jikoni nachagua maharagi, halafu napaza sauti:

"Batoto! Iko ng'ombe ya nani inakohoa pale inje?"

Na wavulana wangu watatu wanatoka mbio kama maji, wanamwangukia, na yeye anajifanya kuanguka kweli, na bote zake za mpira, viatu vya matope, zinabaki juu kama miguu ya kuku.

Huyo ni baba ya mume wa binti yangu, babu wa pili wa wajukuu wangu. Sisi wawili ni bakwe. Jina lake nalijua vizuri, lakini kwetu mukwe haitwi jina, na sitaanza leo kwa sababu nimepewa karatasi niandike habari zake. Mimi nilimwita Papa Mukwe, yeye aliniita Mama Mukwe. Watoto, ambao kwao babu na bibi wote ni koko, waliniita mimi Koko, na yeye walimwita Koko ya Ntoto, sababu kwake ni kule Ntoto, Walikale, ndani ya msitu, safari ya siku mbili kwa mtu anayejua kutembea.

Binti yangu na mume wake wako Hombo, wanafanya biashara barabarani. Leo wako na samaki ya chumvi, kesho mafuta ya mawese, kesho kutwa wamepanda juu ya lori hawajulikani. Mtoto halelewi juu ya lori. Njo maana wavulana wao, Bauma, Baraka na Tumsifu, niliwalea mimi, huku Masisi, juu ya mlima, kwenye baridi na viazi, na shule iko karibu kiasi kwamba nikimwita Baraka kutoka lupango anaitika akiwa darasani, na mwalimu anakasirika.

Lakini mjue jambo moja, bila hilo hamtamwelewa Mukwe. Mbuzi za ndoa ya binti yangu zilitolewa zote. Alizitoa yeye, hakubakisha hata mguu. Kwa hiyo wale watoto ni wa ukoo wake. Siku yoyote angeweza kuja, akohoe mara tatu, aseme, "Nimekuya kubeba batoto," na mimi ningefunga nguo zao ndani ya kikwembe, kitenge changu, na kunyamaza. Mimi nilijua. Yeye alijua. Hata jirani zangu walijua, na walikuwa wananiuliza kila vakansi kubwa, likizo ya shule, ikikaribia: "Mwaka huu anawabeba?" Nawajibu, "Muulizeni nyinyi." Halafu naenda nyuma ya nyumba nakaa peke yangu kidogo.

Basi kila akifika, jicho langu lilienda kwanza kwenye mzigo wake. Nilikuwa natafuta kuona kama amekuja kama babu ao amekuja kama ukoo.

Sura yake sasa. Mfupi, mpana, masikio makubwa ambayo Tumsifu ameyarithi, masikini. Alivaa koti la suti juu ya jezi ya mpira, na lile koti hakulivua hata akichimba shimo. Alisema koti ni heshima. Mimi nilisema ni kuficha jezi. Mfukoni alitembea na misumari iliyopinda, aliokota kila mahali, na jioni aliketi juu ya jiwe na wavulana wanainyosha, tiki tiki tiki, mpaka kichwa kinaniuma. Hakuwahi kununua msumari mpya. Alisema msumari mpya hauna akili.

Kula kwake kulikuwa kazi nyingine. Kwao mukwe hafungui kinywa kula mbele ya mukwe. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akitafuna. Sahani yake ya bugali na sombe, majani ya muhogo, ilibebwa na mtoto mpaka nyuma ya jikoni, anakaa anageukia mikalitusi, anatupatia mgongo. Halafu anamtuma Baraka aje aniambie kama chumvi ni kidogo. Namwambia Baraka, "Rudi umuambie, kama mudomo haiko hapa, na chumvi haiko hapa." Baraka anakimbia. Anarudi: "Koko ya Ntoto anasema, lakini masikio iko." Hivyo tulikuwa tunagombana mchana mzima, yeye amenipa mgongo, mimi niko na sufuria, na mtoto anapita katikati kama redio.

Maziwa ya mgando, mashanza yetu, aliyaogopa. Alisema maziwa yaliyolala ni maziwa yaliyokufa. Mukwe alimwogopa zaidi ng'ombe mwenyewe. Mtu huyu kwao anapita msituni peke yake, nyoka anamsogeza na fimbo kama mtu anayesogeza kiti. Lakini ng'ombe wangu mmoja, mzee, hana hata pembe ya maana, siku moja alikuja kumnusa lile koti tu. Nilimkuta Mukwe amesimama juu ya rundo la kuni, koti limefungwa vifungo vyote.

"Papa Mukwe, unafanya nini kule juu?"

"Naangalia kuni kama zimekauka."

"Zimekauka?"

"Za juu, ndiyo."

Watoto walicheka mpaka Tumsifu akajikojolea. Na yeye hakushuka mpaka Bauma alipomwondoa ng'ombe, halafu akashuka polepole, akachukua ukuni mmoja, akauleta jikoni, ili ionekane kwamba kweli alikuwa na kazi ya kuni.

Kulea wavulana alikuwa na sheria zake. Mwanaume apike, afue, ashone kifungo, achimbe. Hapo tulisikilizana. Mimi pia sikuzaa wafalme. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa hii: mtoto mwanaume halii. Alisema hiyo asubuhi, mchana na jioni. Basi vakansi moja Tumsifu, akiwa na miaka mitano, alikanyaga msumari. Msumari wa nani? Wa Mukwe, uliodondoka kutoka mfuko wa heshima. Mukwe alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka santeri ya afya, mlima na mteremko, mimi nyuma nimeshika kandambili mkononi. Kufika pale muuguzi akatuangalia wote. Mtoto ametulia, anaangalia picha ukutani. Babu analia kama mama wa msiba.

"Mugonjwa ni nani?" muuguzi akauliza.

"Andika wote wawili," nikamwambia.

Baada ya hapo nikadhani ile sheria imekufa. Hapana. Kesho yake asubuhi niliisikia tena, mtoto mwanaume halii, kwa sauti iliyopotea kwa kulia.

Shule aliidharau na mdomo. Alisema karatasi haijengi nyumba. Lakini ukimpa karatasi yoyote, anamwita Bauma amsomee. Bulletin ya shule, ile ya alama, ndiyo, hiyo nakubali. Lakini pia maandishi ya sabuni, ya betri, gazeti la zamani lililofunga chumvi. Anasikiliza amefunga macho. Siku moja Bauma alimsomea pakiti ya dawa ya viazi mpaka mwisho, na Mukwe akasema, "Soma tena pale wanasema tusikule." Mimi pia, nisiwadanganye, nilikuwa naacha kuosha sahani ili nisikie.

Sasa kazi za nyumbani. Hapo njo penye hadithi.

Mwaka wa kwanza alikuta wavulana wanalala pamoja nami katika chumba kimoja, na paa linavuja juu ya kichwa cha Baraka. Aliangalia tu. Kesho yake akaniambia, "Mama Mukwe, tunajenga chumba ya batoto." Nikamwambia kwetu mbao ya mkalitusi inakatwa, inapangwa, inangoja miezi ikauke. Akacheka. Kwao Walikale wako na libuyu, mti wa baba zao, mgumu, mwekundu, unaupiga msumari ungali mbichi na haugeuki hata ukiutukana. Kwake mkalitusi ulikuwa muti ya kuotea moto, utawezaje kumshinda yeye? Akapiga mbao mbichi, maji bado yanatoka kwenye msumari. Kwa siku sita chumba kikasimama. Kizuri, siwezi kusema uongo. Majirani walikuja kukiona. Mukwe alisimama mlangoni na koti lake kama gavana.

Kiangazi kikapiga. Mbao zikaanza kulia zenyewe mchana, kraa, kraa. Moja ikajikunja kama ulimi, nyingine ikakimbia jirani yake. Vakansi iliyofuata Mukwe alipokuja, ungeweza kupitisha mkono kati ya ubao na ubao. Wavulana walikuwa wanalala wanaona jikoni yangu yote. Walijua sukari nimeiweka wapi, walijua namsengenya nani.

Mukwe akazunguka chumba mara mbili, akakohoa.

"Nyumba inapumua," akasema.

"Inapumua kupita mimi, Papa Mukwe. Mimi niko na tundu mbili tu za pua."

Hakusema nimekosa. Yule mtu neno nimekosa halikuwahi kupita kwenye meno yake. Lakini vakansi ile yote alikaa na wavulana wakiziba nafasi na vipande vya mbao, kavu safari hii, kimoja kimoja, na alimfundisha Baraka kupima kwa jicho. Leo Baraka akiangalia mlango anakuambia unapungua kidole. Hiyo sikumfundisha mimi.

Paa ndiyo ilituletea safari. Manjanja, mabati ya paa, ilibidi kushuka kuifuata mjini Sake. Akawachukua wote watatu juu ya lori la makabichi, na kwa safari ya siku moja akafunga chakula cha siku tano: chikwangue, ule mkate wa muhogo, ndizi, samaki ya moshi, kana kwamba Sake watu hawali. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akauliza, "Muzee, unapeleka wapi hawa batoto?" Mukwe akamjibu, "Apana, bao njo bananipeleka. Mimi kule sijuake fasi." Na ilikuwa kweli. Bauma ndiye aliyesoma vibao.

Kurudi, lori likawaacha chini ya mlima. Wakafunga manjanja juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, wavulana wanasukuma, Mukwe anaongoza kwa mdomo. Upepo wa Masisi yeye hakuujua. Kwao msitu unashika upepo. Hapa upepo ulikuja ukainua bati moja, likaruka juu ya shamba la kabichi la watu, na Mukwe nyuma yake, koti limefunguka, anapiga kelele, "Shika! Shika!" kana kwamba ni mbuzi. Baba mwenye shamba akatoka na jembe. Mpaka leo bati lile lina kovu, liko juu ya chumba cha wavulana, mvua ikipiga pale inatoa sauti yake peke yake.

Basi ilikuwa hivyo. Vakansi hii paa, vakansi ile banda la kuku, nyingine ngazi za mawe kwenye mteremko, sababu mimi niliteleza. Na kila mwaka, shule ikikaribia kufunguliwa, anakaa juu ya jiwe lake, anaangalia kazi, anasema, "Hii haiishe. Nitarudi." Anakohoa. Anaenda peke yake.

Mwaka mmoja tu alilisema lile neno nililoliogopa. Bauma alikuwa amefeli mwaka mzima, arudie darasa. Mukwe akasomewa bulletin, na aliyemsomea ni Bauma mwenyewe, sauti inashuka kila mstari. Mukwe akasimama.

"Mama Mukwe, safari hii nabeba batoto."

Nilikuwa nimengoja neno lile miaka minne, na lilipofika nilikasirika kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikasema, "Beba! Leo! Kwani nani amekushika?" Nikaingia ndani nikaanza kutupa nguo zao juu ya kikwembe, shati, kaptura, kofia ya Tumsifu. Wavulana wamesimama kwa mstari kama miti.

Mukwe akaenda msalani. Akakaa huko sana. Aliporudi, uso umebadilika.

"Ile musalani yako imeinama," akasema. "Siku moja mutoto atatumbukia."

"Wanaenda na wewe. Atatumbukia nani? Mimi?"

"Na wewe uko muntu."

Akachukua jembe. Alichimba choo kipya wiki tatu, na Bauma ndani ya shimo pamoja naye, kutwa nzima, wanaongea chini kule maneno ambayo sikuyasikia. Wakati choo kimekwisha, kengele ya shule ikalia, wavulana wakavaa uniforme, na hakuna aliyekumbuka kikwembe kilichofungwa. Mukwe akaenda zake. Bauma mwaka ule akapita, wa tatu darasani. Mimi nilijisifu kwa kila mtu kwamba ni chakula changu.

Mwaka jana hakuja. Tulingoja kikohozi, hakuna. Halafu mume wa binti yangu akatuma sauti kwenye simu ya jirani: baba ameanguka kwenye mchikichi. Muzee wa umri ule, kupanda mchikichi! Mguu umevunjika. "Mama, wadogo za Papa wanasema batoto warudi sasa Ntoto. Ni wakubwa. Mutusamehe."

Hawakutuma mtu kuja kuwachukua. Basi nikawapeleka mwenyewe. Sikutaka waingie kwa ukoo wao kama mizigo iliyosahauliwa. Bauma alikuwa na miaka kumi na saba, Baraka kumi na nne, Tumsifu kumi na mmoja. Tulipanda moto, yaani pikipiki, mpaka barabara ilipokataa, halafu miguu. Matope ya kule, jamani! Yalinivua viatu, yakanivua hasira. Siku ya pili Baraka alinishika mkono mmoja, Bauma mwingine, na Tumsifu mbele anasema, "Koko, pale kuna muzizi. Koko, pale tena." Njia nzima nilikuwa nawaangalia visogo vyao, najifunza kuwaacha.

Mukwe tulimkuta ameketi kwenye barza, kibanda cha mazungumzo, mguu umefungwa na vipande vya mbao. Koti amelivaa. Alikonda. Nikasimama nje, nikakohoa mara tatu.

"Iko mbuzi ya nani?" akauliza. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa.

Kesho yake asubuhi wadogo zake wawili walikuja wakakaa. Wazee wa heshima, hawakunidharau. Mkubwa wao akasema, "Mama, tunakushukuru. Umelea vizuri. Sasa batoto iko nyumbani." Wavulana walikuwa wamekaa kwenye benchi, magoti yamegusana. Mimi nilikuwa na maneno yangu, niliyatengeneza siku mbili njiani. Sikuyasema. Mukwe aliinua mkono.

"Mimi njo baba wa ukoo hapa, ao nimekufa?" akasema. "Basi munisikilize. Munafikiri nilikuwa naenda Masisi kufanya nini, miaka kenda? Nilikuwa natafuta kosa. Ukoo ulinituma: nenda uone kosa ya ule mama, ubebe batoto. Nikaenda. Mwaka ya kwanza nikaona paa inavuja. Kosa hiyo."

"Na ulitwambia iko sawa!" mdogo wake akasema.

"Ilikuwa sawa. Nilikuwa nimekwisha kuitengeneza. Mwaka ingine, mama anateleza kwenye muteremko, ataanguka na mutoto mugongoni. Kosa. Nikapanga mawe. Musalani, kosa kubwa! Nikachimba."

"Kaka, ulifunika makosa."

"Sikufunika. Niliyamaliza." Akanielekeza kidole, kwa mara ya kwanza akiniangalia usoni. "Kosa moja njo lilinishinda, mudomo yake. Ile sikupata chombo yake."

Wote wakacheka, hata wake zao waliokuwa nyuma ya ukuta. Mimi mwenye mdomo huo nilikaa pale nimeufunga.

"Batoto ni wa ukoo," Mukwe akasema, na sauti ikashuka. "Wanarudi Masisi, wamalize shule. Mwenye kutaka kuwabeba, akajenge kwanza kule kama mimi."

Mzee mmoja akatema mate pembeni, mwingine akaomba ugoro. Imekwisha.

Tulikaa siku tatu nyingine. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimeshafunga mizigo yote mitatu, na wa nne wangu. Bauma akaja akachukua mzigo wake, nikafikiri anaubeba begani. Akaurudisha ndani ya nyumba.

"Koko, mimi nabaki. Mpaka mguu yake ipone. Maji iko mbali, hataweza."

"Na shule?"

"Darasa la mwisho haikimbie. Nitarudi."

Ningeweza kusema hapana. Siku tatu tu zilizopita nilikuwa nimepewa haki ya kusema hapana mbele ya ukoo mzima. Nilimwangalia yule kijana, mrefu kuliko mlango, ndevu tatu kidevuni. Nilimwangalia Mukwe, ambaye alijifanya anafunga tena vipande vya mguu wake, na masikio yake yamesimama yote mawili.

Nikafungua mzigo wangu, nikatoa blanketi langu zito, nikampa Bauma. Halafu nikamwendea Mukwe.

"Papa Mukwe, anakula mingi. Usimuonee haya, mujazie tu. Na asubuhi hasikii mara moja. Umuite mara mbili."

Mukwe hakuinua kichwa.

"Mara tatu," akasema. "Ya pili anaitika, lakini angali amelala."

Ilikuwa kweli. Na miaka yote nilidhani usingizi wa Bauma naujua mimi peke yangu.